Kamera Mbili za Sura Moja

Phineas alikuwa amelala kifudifudi kati ya pazia la kupigia picha na meza yake, katika studio yake pale sokoni Khayega, na damu ya kisogoni ilikuwa imeshakauka. Stendi ya chuma ya kamera ilikuwa kando yake, mguu mmoja umepinda. Kamera yake ya video ilikuwa juu ya meza, kifuniko cha kadi kiko wazi. Kadi ya kuhifadhia picha haikuwemo.

Inspekta Moraa aliinama akatazama, hakugusa kitu. Aliyefanya haya, aliwaza, alifuata picha. Akawaambia askari wake habari ya kadi isitoke nje ya chumba kile.

Jua halijapanda vizuri, soko lilikuwa limeshamtaja muuaji: Oliver. Huyu Oliver na marehemu walikuwa wakipiga video pamoja, za harusi, za matanga, na za mafahali wanaopiganishwa kule Malinya. Jana yake watu walimsikia akimfokea mwenzake mlangoni. Alikamatwa mswaki ukiwa bado mdomoni.

"Ulimfokea kwa nini?" Moraa alimuuliza kituoni.

"Kwa sababu ya Mwalimu, Madam. Fahali wa baba."

Mwalimu alikuwa fahali ambaye hajawahi kurudi nyuma. Lakini Jumamosi, baada ya kusindikizwa uwanjani kwa ngoma za isukuti, alizungukazunguka tu, mpaka Tingatinga, fahali wa mzee Shitanda, akamtoboa ubavu. Watu walimzomea baba yake Oliver, kwamba amefuga mwoga. Phineas alikuwa amefika zizini kwa Mwalimu alfajiri kupiga picha za matayarisho, na tangu siku hiyo alikuwa amefunga mdomo.

"Nilimwambia aseme aliona nini. Akakataa. Nikaenda zangu kwa baba."

"Nani alikuona huko?"

"Ni baba tu."

"Baba hatoshi, Oliver."



Alama za vidole zilikuwa zimepanguswa. Mkuu wa kituo alisema kesho yake Oliver apelekwe kortini akashtakiwe mauaji, mambo yaishe. Moraa aliomba aachiwe mchana huo mmoja. Akaitia kamera kwenye mfuko wa vielelezo, akaenda mjini Kakamega, kwa Zeituni, mama wa Mumias anayeuza kamera.

Zeituni aliitambua mara moja. Phineas aliinunua kwake, na mzee Shitanda wa Malinya alipoiona akaja kutaka kama hiyo hiyo, ya kumpigia picha Tingatinga.

"Kwa hiyo ni za aina moja?"

"Ni za sura moja, mwanangu. Aina siwezi kuapa."

Akapanga tatu juu ya kioo. Zote nyeusi, zote za kiganja kimoja, zote nambari mia nne na kumi, ila moja imebandikwa herufi E, nyingine B, nyingine P. Zeituni akacheka kwa uchovu. Mwaka wa nyuma hiyo B ilikuwa ni rangi tu, mwaka huu ni kitu kingine, na wateja wanamgombeza yeye kana kwamba ndiye aliyezitengeneza.

"Moja kati ya hizi iko na tumbo," alisema. "Inaweka picha ndani yake yenyewe. Hizo nyingine zinategemea kadi. Ukiitoa, umebaki na ganda. Sasa ni ipi, wallahi huwa nachanganya."

Ya Phineas ilikuwa na B, lakini Moraa hakutaka kuamini herufi. Akatoa kadi katika zote tatu, akazitia betri, akabonyeza moja moja. Ya E ikaandika: weka kadi. Ya P vile vile. Ya B haikulalamika. Akavaa glavu, akaazima betri ya kutia kwenye ile ya Phineas. Kule kituoni hakuna aliyehangaika kuiwasha. Kila mtu alijua bila kadi hamna kitu.

Taa nyekundu ikawaka. Ilikuwa inarekodi.

Akaizima haraka isije ikafuta kitu. Akatafuta picha za nyuma. Ya mwisho aliyopiga Phineas ilikuwa zizi la alfajiri.

Mzee Shitanda aliitwa, akaja mwenyewe, akizungusha kofia vidoleni. Alisema Phineas alikuwa kijana mzuri, na kwamba yeye hajakanyaga kazini kwa kijana huyo mwaka mzima. Moraa alimsikiliza mpaka akamaliza. Ndipo akaiweka kamera mezani, kifuniko kimefungwa.

"Mzee, humu ndani uko wewe, alfajiri ya Jumamosi."

Shitanda hata hakuitazama. "Hiyo haina kitu, Madam. Kadi haimo."

"Nani amekwambia?"

Kofia ikaacha kuzunguka vidoleni.

"Ninayo kama hiyo," alisema polepole. "Naijua."

"Kama hiyo, lakini si hiyo."

Akabonyeza. Kwenye kioo kidogo Mwalimu alikuwa amefungwa kamba fupi, na mzee mwenye kofia ile ile akimkamulia pilipili machoni, jicho moja, kisha la pili. Fahali alirusha kichwa. Ngoma zilisikika kwa mbali, zikikaribia.

Shitanda alitazama mpaka mwisho.

"Nilimsihi aifute," alisema. "Alikataa kata kata. Alisema Jumamosi ijayo ataionyesha uwanjani, wazee wote wakiwepo. Miaka yote watu wananijua kwa mafahali. Ningepita wapi Malinya? Akanigeuzia mgongo atafute betri, nikaiona stendi."

"Ukampiga."

"Nikampiga. Nikatoa kadi nikaitupa chooni. Yangu ukiitoa kadi imekufa. Nilijua zote ni moja."

"Hata mimi, mzee, mpaka leo mchana."

Jioni Oliver alirudishiwa mkanda na viatu vyake. Baba yake alikuwa nje, chini ya bati la kituo, ameketi tangu asubuhi. Kijana hakutoka mara moja.

"Madam, Mwalimu alikimbia kwa woga?"

"Hapana. Alikuwa haoni, na bado aliingia uwanjani."

Oliver akafunga mkanda, akatoka kumwambia mzee wake.