Unga Kwenye Taovala

Mikate ya Shangazi Fusi inajulikana Houma yote, na hata vijiji vya jirani. Jumapili kwetu Tonga kila kitu kinafungwa isipokuwa kanisa. Jioni bekari zinafunguliwa, na watu wanapanga foleni wakiwa bado na nguo za ibada. Mkate wa moto siku hiyo hakuna anayeukataa.

Aliyekanda unga wa mikate hiyo alikuwa Uaisele, mtoto wa marehemu kaka yake Fusi. Alianza kazi akiwa na miaka kumi na saba. Sasa alikuwa na thelathini na tisa. Kila siku alibeba gunia begani, akalifungua kwa kisu, akalimwaga lote kwa mkupuo kwenye mashine ya kukandia. Kisha akalipigapiga ili lisibaki na kitu. Vumbi jeupe lilipanda mpaka darini. Kazi ikiisha alichukua ufagio mkavu akafagia, na vumbi likapanda tena. Alirudi nyumbani na nyusi nyeupe kama mzee.

Kikohozi kilianza polepole. Kwanza pua iliwasha na macho yakatoa machozi. Halafu kifua kikaanza kubana na kupiga filimbi. Mkewe Lupe alimchemshia majani. Hayakusaidia.

"Baba Seini, acha sigara," Lupe alisema.

"Niliacha mwaka juzi."

"Basi acha kinywaji chako cha kava."

"Kava haimkohozi mtu, mwanamke. Inamlaza tu."

Kwenye kwaya aliimba besi. Siku hizi alikata pumzi katikati ya wimbo, na wenzake walimgeukia. Hilo lilimuuma kuliko kikohozi chenyewe. Lakini alichoogopa hasa hakukisema. Aliogopa kwamba kifua kitamtoa kwenye bekari, na kazi nyingine hakuijua.

Siku moja aliketi juu ya ukuta mfupi mbele ya nyumba akihema. Jirani yake Akosita alikuwa anapita. Akosita ni nesi wa hospitali. Mwaka ule yeye na daktari mmoja walikuwa wanafanya utafiti juu ya vifua vya wafanyakazi wa bekari zote za kisiwa.

"Uaisele, unahema kama umefukuzwa na nguruwe."

"Ni mafua tu."

"Mafua ya miezi mingapi?"

Uaisele alihesabu kwa vidole, kisha akaacha.

"Mwezi wa tano ulikwenda kisiwa cha Eua kwenye msiba wa mjomba wako," Akosita alisema. "Siku kumi. Ulikohoa?"

"Hata kidogo. Hewa ya Eua ni nzuri."

"Eua kuna bekari uliyofanyia kazi?"

Uaisele alimtazama. "Unataka kusema nini?"

"Sitaki kusema. Nataka kupima."

Alitoa kwenye mkoba mrija mfupi wa plastiki wenye namba ubavuni, na karatasi. "Vuta pumzi yote, kisha puliza kwa nguvu, mara moja tu, kama unazima taa. Mshale utapanda; ukipanda juu, kifua kiko wazi. Puliza mara tatu, andika namba kubwa. Fanya hivyo mara nne kwa siku. Wiki mbili ukiwa kazini, wiki mbili ukiwa nyumbani. Usinidanganye hata namba moja. Hii karatasi ndiyo itakayosema, si mimi wala wewe."

Wiki mbili za kazi zikapita. Asubuhi Uaisele alipuliza mia nne na sitini. Akitoka kazini, mia tatu na thelathini. Siku baada ya siku, ikawa hivyo hivyo.

Sasa ilibaki kumwomba Shangazi ruhusa ya wiki mbili. Shangazi ni dada wa baba. Kwetu huyo habishiwi. Akosita ndiye aliyekwenda kusema.

"Pumu?" Fusi alisema. "Pumu ni ya watoto."

"Kuna pumu inayotokana na kazi, mama. Mtu anavuta vumbi la unga miaka mingi. Mwili unalikataa. Njia za hewa zinavimba na kubana."

"Kaka yangu alioka miaka thelathini."

"Hakukohoa?"

"Alikohoa, ndiyo. Mwokaji gani hakohoi?"

"Ndiyo maana nimekuja."

Fusi alijifuta mikono. "Wiki mbili," alisema. "Karatasi yako isiposema kitu, anarudi, na mambo ya mrija yaishe."

Uaisele akakaa nyumbani. Alilima magimbi, akatengeneza uzio. Namba zikapanda. Mia nne na themanini. Mia tano. Lupe alizibandika ukutani, na Seini akazisoma kwa sauti kila asubuhi kama matangazo ya redio.

Ikafika Jumapili. Uaisele aliamka mzima, akaenda kanisani. Katika wimbo wa pili kifua kikabana, na filimbi ikaanza. Alitoka nje akapuliza mrija. Mia tatu na arobaini.

Shangazi Fusi alikuwa amekaa benchi la mbele. Alimfuata nje.

"Lete nione." Akasoma. "Haya! Kanisani kuna unga? Au ni mahubiri ndiyo yanakubana?"

"Shangazi, wiki nzima nilikuwa mzima."

"Leo je? Leo ni mgonjwa, na bekari hujaingia. Basi si unga. Kesho uje kazini."

Uaisele aliinamisha kichwa. Kama si unga, basi ni nini? Na kama ni ugonjwa usiojulikana, utaishia wapi?

Baada ya ibada Akosita alikuja nyumbani kwao. Aliisoma karatasi mara mbili. Hakujifanya anajua.

"Sielewi," alisema. "Niambie yote. Umekula nini?"

"Chai na magimbi."

"Umepita wapi?"

"Nimetoka hapa nikaenda kanisani."

"Moja kwa moja?"

"Moja kwa moja. Nilisimama tu mlangoni pa bekari nikanyoosha mkono nikachukua taovala yangu."

Akosita aliinua macho. Taovala ni mkeka laini tunaojifunga kiunoni kwa heshima. Mwanamume haingii kanisani bila hiyo. Ya Uaisele ilikuwa ya bibi yake, imesukwa kabla hajazaliwa. Mkeka wa namna ile haufuliwi.

"Taovala yako inakaa bekari?"

"Kwenye msumari wa karibu na mlango, chumba cha mashine. Jumapili natoka kanisani naingia kazini moja kwa moja, mikate iwahi jioni. Naivua pale, naitundika pale. Miaka yote."

"Lupe," Akosita alisema, "una kitambaa cheusi?"

Lupe alileta shuka yake ya msibani. Waliitandaza uani. Akosita alimwambia Uaisele asogee mbali, kule upepo unakotokea. Akafunga barakoa usoni, akaishika taovala kwa ncha mbili, akaikung'uta mara tatu.

Shuka ikawa nyeupe.

Seini aligusa kwa kidole, akakinusa. "Mkate," alisema.

"Mwite Shangazi," Lupe alimwambia mumewe. "Sasa hivi."

Fusi alikuja na mwavuli wake. Aliitazama shuka. Aliitazama taovala ya mama yake mzazi.

"Ule msumari niliupigilia mimi," alisema mwishowe.

"Hakuna aliyejua, mama," Akosita alisema. "Aliufunga unga kiunoni akaenda nao kanisani. Anapovuta pumzi kubwa kuimba, anauvuta. Mwili ukishaukataa unga, kidogo tu kinatosha."

"Atakufa?"

"Hapana. Tumewahi. Angeendelea miaka mingine, kifua kingeweza kuharibika kabisa. Sasa aonwe na daktari, apewe dawa ya kuvuta. Lakini dawa peke yake haitoshi. Lazima atoke kwenye vumbi."

"Na barakoa?"

"Barakoa nzuri inasaidia wengine. Kwake yeye haitoshi."

Uaisele alisogea hatua moja mbele. "Mimi ni mwokaji," alisema. "Nikitoka mle, mimi ni nani?"

Shangazi alimgeukia. "Wewe ni mtoto wa kaka yangu. Kaka yangu nilimzika. Wewe sitaki kukuzika kwa ajili ya mkate."

Ndivyo ilivyokwisha. Daktari alimpima, akathibitisha pumu ya kazini. Kesho yake Fusi aling'oa msumari kwa mkono wake mwenyewe.

Binamu wa Uaisele, Kalafi, alichukua kazi ya mashine. Akosita alimwonyesha namna mpya. Gunia halimwagwi kwa mkupuo. Mdomo wake unashushwa ndani ya mashine, unga unateremka taratibu. Kifuniko kinafungwa kabla mashine haijawashwa, na inaanza polepole. Gunia tupu halipigwi, linakunjwa. Ufagio mkavu ulitupwa. Sakafu inapigwa deki kwa maji. Kalafi anavaa barakoa inayobana vizuri usoni, na nguo za kazi anaziacha pale pale, hazipelekwi kwa watoto. Kila mwaka naye anapuliza mrija, maana kisichompata mmoja leo kinaweza kumpata kesho.

Mwanzoni Fusi alinung'unika. Siku ya tatu aliona rafu zake hazina vumbi. "Macho yangu hayawashi," alisema, kama anayelaumu mtu.

Uaisele alipewa gari la mikate na dirisha la kuuzia. Wiki ya kwanza alinuna. Ya pili aligundua kwamba Kalafi anaharibu. Basi akawa anamfundisha akiwa nje, dirishani, upande wa upepo.

"Donge lako limelegea, Kalafi!"

"Umejuaje? Hata hujaligusa!"

"Nalisikia linavyopiga mashine. Punguza maji, usituaibishe!"

Watu wa foleni walicheka. Wengine walianza kuja mapema ili wasikie.

Namba zikapanda zikakaa juu. Mia tano. Mia tano na ishirini. Taovala ilianikwa nyasini jua kali siku nne, Lupe akaikung'uta mpaka shuka nyeusi ikabaki nyeusi. Sasa inakaa nyumbani, kwenye sanduku. Akosita alipita bekari nyingine saba. Katika tano alikuta msumari kama ule, na taovala juu yake. Yote iliandikwa kwenye utafiti.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi kwaya iliimba wimbo mrefu. Mwishoni besi inashika sauti moja, ndefu, wengine wote wakiwa wamenyamaza. Uaisele alivuta pumzi. Kifua kilifunguka mpaka chini. Akaishika. Mwongozaji alishusha mkono; yeye akaendelea. Mwongozaji akaushusha tena. Lupe alikuwa anafuta machozi na kucheka.

Kutoka benchi la mbele Shangazi Fusi aligeuka nyuma.

"Uaisele," alisema, na kanisa zima likasikia. "Tumeona, umepona. Sasa kaa chini."