Samaki Aliyechimba Rula

Kila siku baada ya shule, kabla hata hajavua soksi, Kiwembe alikagua mstari wa chaki sakafuni kuona kama umesogezwa. Aliuchora mwenyewe, kutoka mlangoni hadi ukuta wa pili, siku ile binti wa mjomba wake alipofika na begi lake ili asome shule ya jirani. Upande wa dirisha ulikuwa wa Kiwembe. Upande wa pili, usiopata upepo lakini unaopata mbu wote, ulikuwa wa mgeni. Kiwembe hakumwita jina lake. Alimwita Mpangaji, tena kwa kubana pua.

Kiwembe nalo lilikuwa jina la utani, alilolipata shuleni kwa ukali wa ulimi wake. Mpangaji hakuwa na ulimi wa namna hiyo. Alikuwa na macho tu, na akikutazama unajikuta unahesabu vifungo vya shati lako.

Mama yake Kiwembe alikuwa fundi wa chambo bandia. Kwenye banda nyuma ya nyumba alikuwa na jiko, sufuria kuukuu iliyopigwa marufuku kurudi jikoni, na kalibu za plasta zilizochongwa umbo la samaki wadogo wenye mikia myembamba. Plastiki yenyewe ilikuja ndani ya kopo, nyeupe na majimaji kama maziwa. Mama alivaa barakoa na glavu, akafungua mlango na dirisha ili moshi utoke, kisha akaikoroga juu ya moto mdogo mpaka ikawa nzito na yenye kung'aa. Akadondosha rangi, akamimina. Ikishapoa, samaki walibanduka wakiwa laini, mikia ikicheza kana kwamba wamechelewa mahali.

Kazi ziligawanywa. Mpangaji alianika kalibu juani, kwa sababu kalibu yenye unyevu hurusha plastiki ya moto usoni. Kiwembe alipunguza kingo kwa mkasi na kuwapanga samaki kwenye mifuko laini. Siku Mama alipomweleza kwa nini lazima iwe mifuko ile na si chombo kingine chochote, Kiwembe alikuwa akimtolea Mpangaji ulimi kupitia dirishani. Alisikia "usiweke" na "umenielewa?" Akajibu ameelewa.

Wiki ile mwenye duka la zana za uvuvi alikuwa ameagiza samaki wengi kuliko siku zote. Kiwembe alitaka sifa zote ziwe zake. Alikuwa na boksi jipya la plastiki ngumu, linaloonyesha ndani, lenye kifuniko kinacholia "tak". Aliwapanga samaki wote humo, wekundu huku, wa kijani kule, akalisukuma chini ya kitanda. Ijumaa asubuhi, siku ya kuchukuliwa mzigo, angewarudisha mifukoni, na Mama asingejua. Samaki mmoja mwekundu alimtia kwenye mkoba wa shule ili akaringe naye.

Ijumaa alipofungua boksi, hapakuwa na samaki. Palikuwa na rojo. Wamegandana, wamelegea, na wale wa chini wamezama kwenye boksi lenyewe kama walioamua kuhamia humo. Mikono ya Kiwembe ilinata. Aliwakwangua haraka, akawajaza mifukoni, boksi akalificha nyuma ya pipa la maji. Ndipo alipokumbuka kwamba jana yake Mpangaji alipiga pasi sare mle chumbani, na ile pasi ya mkaa aliiweka karibu kabisa na mstari wa chaki. Basi ni joto. Bila shaka ni joto, akajiambia, na akaenda kusema hivyo kwa sauti kubwa.

Mama aliinua mfuko, akaunusa, akakunja uso. Alimuuliza Mpangaji kama aliweka pasi karibu na mzigo. Mpangaji alisema pasi aliiweka pale, lakini mzigo hakuuona wala hakuugusa.

"Shangazi, kama ingekuwa pasi, na shuka lingeungua."

"Unanifundisha kazi yangu?" Mama akamkata.

Mwenye duka alifika papo hapo, kama aliyeitwa. Aliugusa ule uchafu kwa ncha ya kidole, akakipangusa kidole hicho kwenye kitambaa cha meza ya Mama, akasema samaki wa namna hiyo hata mamba mwenye njaa atauliza kuna nini kingine. Aliwapa mpaka Jumapili. Zaidi ya hapo atatafuta fundi ambaye nyumba yake haina watoto.

Alipoondoka, Mama alitamka bila kumtazama mtu. Mpangaji atarudi kwa baba yake Jumapili. Mtu anayezubaa na moto hawezi kukaa kwenye nyumba yenye banda kama lile. Mpangaji hakulia. Aliuliza tu kama kule kwao kuna shule ambayo itampokea katikati ya mwaka, ingawa wote walijua haipo.

Jumamosi mchana Kiwembe aliketi kufanya hesabu. Alivuta rula kutoka kwenye mkoba, ikatoka na samaki. Yule mwekundu aliyesahauliwa alikuwa ameng'ang'ania juu yake. Alipombandua, chini palibaki shimo lenye umbo lake kamili, mkia na yote, limekula namba kuanzia saba hadi kumi na mbili.

Kiwembe alipitisha kidole kwenye shimo lile. Wiki nzima, kila alipotoka shule, mkoba wake ulining'inia kwenye msumari ukumbini. Pasi haijawahi kufika ukumbini.

Aliikwaruza rula kwa ukucha, akaisugua ukutani, akaipangusa kwa mate. Umbo la samaki halikutoka. Aliificha chini ya godoro, akalala juu yake, akajikumbusha kwamba kesho chumba chote kitakuwa chake.

Mpangaji aliingia kukunja nguo zake. Alipomaliza, alifuta mstari wa chaki kwa unyayo, polepole, kutoka mlangoni hadi ukutani.

"Haya. Chumba chako," alisema, akatoka.

Kiwembe alijigeuza mara mbili. Kisha akaichukua rula, akapitia kwenye pipa la maji kuchukua boksi, akaenda bandani.

Mama alikuwa anakoroga. Kiwembe aliviweka vyote viwili mezani, akasema yote: boksi, mifuko, pasi. Sauti ilimtoka nyembamba, haina makali hata kidogo.

"Subiri hapo," Mama alisema. "Hii ikiungua tumeharibikiwa mara mbili."

Akakoroga, akamimina, akazima jiko. Hapo ndipo alipovua glavu na kuishika rula.

"Raba yako ikilala juu ya rula siku nyingi, inafanyaje?"

"Inaganda."

"Ndiyo hii hii. Plastiki laini inatoa mafuta yanayolainisha ile ngumu, mpaka zote mbili zinaharibika. Niliharibu maboksi matatu kabla sijajua. Nilikwambia, ukaniitikia tu."

Mama aliigeuza rula upande wa pili.

"Hukujua boksi litakula samaki, hilo ni kosa, na makosa tunayarekebisha. Lakini boksi ulilificha, ukamtupia mwenzako. Na tangu uione hii rula, kila dakika uliyonyamaza uliichagua mwenyewe. Hata mimi nimekosa. Pua iliniambia hakuna kilichoungua, nikasikiliza hasira. Twende tukamwambie. Wote wawili."

Walimkuta Mpangaji uani na begi lake. Mama aliomba radhi kwanza, akamwambia harudishwi tena, kisha Kiwembe naye akaomba. Mpangaji aliwasikiliza kwa macho yake yale.

"Nimesikia," alisema. Hakusema amesamehe.

Kiwembe alipunguza kingo za samaki wote peke yake, jioni ile na Jumapili asubuhi, na mwenye duka alipokuja alimweleza mwenyewe nani aliharibu mzigo wa kwanza. Mwenye duka alinung'unika, akaipekua mifuko mmoja mmoja akitafuta kasoro, akaikosa, akachukua mzigo.

Kiwembe aliporudi chumbani alikuta begi la Mpangaji limefunguliwa, nguo zimerudi kwenye msumari wake, na sakafuni kuna mstari mpya wa chaki. Ulikuwa umesogea. Nusu ya dirisha sasa ilikuwa ya upande wa pili.

Mpangaji alikuwa amekaa kitandani, chaki mkononi, anangoja neno.

Kiwembe aliutazama mstari, akavua soksi, akauruka bila kuukanyaga.