Nzioki Alivyoanguka

Kila siku baada ya masomo, Mwongeli na wenzake wa klabu ya drama walisukuma madawati ukutani na kuanza mazoezi. Shule yao ilikuwa Gitothua, mjini Ruiru, na mashindano ya Thika yalikuwa yamebakiza wiki mbili.

Mchezo wao, uliotungwa na Mwalimu Akello kutokana na habari ya kweli katika gazeti la zamani, ulihusu mvulana aliyefanya kazi katika shamba la mkonge wakati wa ukoloni. Siku moja, akiwa na kiu kali, alikunywa maji kwenye mfereji ambao watu weusi walikatazwa kuugusa. Mzungu mwenye shamba alimchapa hadi akafa. Mwongeli, aliyewashinda hata wavulana kwa kuigiza, ndiye aliyepewa nafasi ya mvulana huyo. Kang'ethe akawa mzungu.

Mwalimu Akello alipoenda semina siku tatu, Kang'ethe alitia mto ndani ya shati, akaanza kuzungumza kupitia puani. Mwongeli naye hakutaka kupitwa. Kiboko kilipomgusa, alizunguka kama pia, akarusha miguu juu na kuanguka pu! Watoto waliokuwa wakichungulia dirishani walicheka hadi wakatokwa na machozi.

"Mmebadilisha chochote?" Mwalimu aliuliza aliporudi.

"Hapana, Mwalimu," Mwongeli alijibu bila kumtazama.

Jumamosi asubuhi, Mwalimu akiwa Thika kwenye kikao cha mashindano, wazazi walialikwa kutazama. Susu Wayua, nyanya aliyemlea Mwongeli tangu utotoni, aliketi mstari wa mbele. Mwongeli alipoanguka, darasa zima lilipasuka kwa kicheko. Susu hakucheka. Alishika kiti kwa mikono miwili, akainuka polepole, akatoka.

Mwongeli alimkuta nyumbani, ameketi kwenye ngazi ya mlango, leso usoni.

"Susu, unaumwa?"

"Hakuanguka hivyo," Susu alisema.

"Nani?"

"Kakangu, Nzioki."

Mwongeli hakuwahi kusikia jina hilo. Aliketi kando yake.

"Nilikuwa na miaka minane, yeye kumi na mitatu," Susu alisimulia. "Tulikuwa tukiishi kwenye shamba la mkonge karibu na Thika. Hata hakuyanywa yeye yale maji. Alinitekea mimi, maana nilikuwa nalia kiu. Mzungu alipoanza kumchapa, Nzioki hakupiga kelele. Alinitazama tu, asitake niogope. Kisha magoti yake yakalegea, akakaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka. Siku ya tatu akafa."

"Na yule mzungu?"

"Alishtakiwa. Wiki hiyo hiyo akarudi shambani kwake, na mama yangu akaendelea kumkatia mkonge. Mahali tulipomzika Nzioki sasa pamejengwa viwanda. Siwezi hata kukuonyesha." Susu alikunja leso. "Sijawahi kumwambia mtu. Nilijiambia kwamba nisingelia kiu, angekuwa hai."

"Susu, si wewe uliyemuua!" Mwongeli alimkumbatia, wakalia pamoja.

Jumatatu alienda kwa Mwalimu Akello. "Nilikudanganya, Mwalimu. Kule kuanguka kwa kuchekesha nilikutunga mimi ili watu wacheke." Kisha akamweleza yote, machozi yakimtiririka.

Mwalimu alimpa kitambaa cha kufutia machozi. "Umenihuzunisha. Lakini umekuja mwenyewe kusema. Sasa tuwaambie wenzako."

Kang'ethe alipinga. "Tukiondoa vichekesho, tutashindwa! Watu wanapenda!"

"Alikuwa mtu, Kang'ethe," Mwongeli alisema. "Alikuwa kaka ya Susu."

Kang'ethe aliutazama mto aliokuwa ameushika. Akauweka chini ya dawati na hakuuchukua tena.

Mwongeli alipomwomba, Susu alikubali kuja mazoezini. Aliwaonyesha Nzioki alivyosimama, na aliwaomba jambo moja: mvulana wa mchezo aitwe kwa jina lake.

Huko Thika, ukumbi ulijaa. Mtoto mmoja alianza kucheka alipomwona Kang'ethe na kofia yake pana, akanyamaza. Mwongeli hakupiga kelele. Magoti yake yalilegea, akakaa chini taratibu. Kilio cha chini kikasikika huku na huku. Wasichana wawili wa shule nyingine walikuwa wameshikana mikono.

Walikuwa wa tatu. Hawakwenda mbele katika mashindano. Kang'ethe alipangusa macho na kusema ni vumbi.

Susu aliwangoja mlangoni. Mwongeli alimkimbilia.

"Tumeshindwa, Susu."

"Miaka hii yote nilimlilia Nzioki peke yangu," Susu alisema. "Leo ameliliwa na ukumbi mzima." Aliwatazama watoto mmoja mmoja. "Mkisimulia uchungu wa mtu, wanangu, simulieni ukweli. Msiufanye mchezo ili mpigiwe makofi. Huenda mwenye uchungu huo ameketi mbele yenu, na hana mwingine wa kumsemea."