Mganga Aliyetaka Kuwa Mwizi Pia

Lifti ya jengo la maduka iligoma wakati watu wanatoka kazini, na mlango wake ulipofunguliwa kwa nguvu, watu walimwagika nje kama mahindi ya gunia lililotoboka. Wa mwisho alikuwa kijana mrefu, shati jeupe, wino kwenye vidole, amekumbatia sanduku la kadibodi. Akajikwaa. Sanduku likapasuka na dadu zikatapakaa sakafuni, za kila rangi, nyingine zina pande nyingi mpaka zinakaribia kuwa gololi.

"Jamani, msikanyage! Msikanyage!"

Aliyefungua mlango alikuwa fundi lifti, mwanamke mwenye ovaroli ya bluu iliyopauka, kitambaa chekundu kichwani na hereni ndogo za shaba. Aliokota dadu moja, akaigeuza mwangani.

"Hii ni dadu au jiwe la pete?"

"Dadu, dada yangu. Samahani kwa usumbufu."

"Wenzako wanamshukuru Mungu wametoka salama, wewe unalilia dadu. Mcheza kamari?"

"Hapana! Natunga mchezo wa mezani. Watu wanakaa pamoja, kila mmoja anajifanya mtu wa hadithini. Kuna askari, mchawi, mganga, mwizi. Wanasafiri kwa maneno tu. Dadu ndizo zinazoamua kama umefaulu au umeumia."

"Watu wazima hao?"

"Watu wazima."

"Na wana kazi?"

"Mimi ni mpiga chapa."

Fundi alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Basi mimi nitakuwa mganga. Halafu niwe mwizi pia. Nikutibu, ukisinzia nikuchomolee pochi."

Kijana akabaki ameduwaa, dadu zimejaa viganjani. Jambo hilo hasa ndilo lililokuwa likimsumbua miezi yote ile: mtu mmoja, fani mbili. Rafiki zake walimwita Kanuni, kwa sababu hawezi kuvuka barabara bila kubishania sheria yake, na hii moja ilikuwa imemshinda.

"Njoo Jumamosi," alisema. "Tafadhali. Njoo uniharibie mchezo."

Wengine hualikwa kwa maua. Huyu alialikwa hivyo, na akaja.

Walichezea kwa dada mkubwa wa Kanuni, fundi cherehani, kwenye meza yake ya kukatia nguo. Dada alikuwa askari, hodari wa kupiga kwanza na kuuliza baadaye. Fundi Lifti alikuja na gauni la kijani na kucha zenye grisi isiyotoka, akacheza mganga wake, na kila alipomfunga mtu kidonda aliomba kumwibia.

Hesabu ikakataa kukaa. Ukimruhusu mtu apande ngazi katika fani zote mbili kwa pamoja, nani atakubali kuwa askari mtupu? Ukimgawa nusu kwa nusu, unapata mganga asiyeponya na mwizi anayekamatwa mlangoni. Na kuna wadonoaji: mtu anaingia uaskari ngazi moja tu, anachukua deraya ya kumkinga mishale, kisha huyo anarudi uchawini, kama kuku aliyedonoa mtama wa jirani.

Katikati ya ubishi huo wakapendana. Simu zikawa hazikatiki.

"Laazizi, umekula?"

"Nimekula. Nimekuwa nikifikiria, mganga akishika kisu..."

"Nimeuliza habari ya kula, Kanuni. Sijauliza kisu."

"Nimekula, kipenzi. Wali. Sasa kuhusu kisu..."

Ijumaa moja mchana, wamekaa kwenye benchi nje ya kiwanda cha uchapaji, Fundi aliacha utani.

"Mama anauliza. Tukioana, nitaendelea kuingia mashimo ya lifti? Mimi nataka vyote, mpenzi. Nyumba yangu na lifti zangu. Wewe unasemaje?"

Kanuni alitazama viatu vyake. "Hilo ni jambo zito. Nipe muda."

"Chukua. Lakini usichukue wote."

Kesho yake, mezani, aliingia na uso unaong'aa kama sufuria mpya.

"Nimeipata! Wahenga walishasema, mshika mbili moja humponyoka. Anayeingia fani ya pili, ile ya kwanza inasimama palepale. Haipandi tena maishani."

Fundi aliweka dadu chini taratibu. "Kwa hiyo lazima achague."

"Lazima."

"Na anayevipenda vyote viwili?"

"Atazoea."

Dada mtu alikohoa. Fundi akachukua mkoba wake, akasema kichwa kinamuuma, akaondoka. Kanuni akabaki akijiuliza kama kanuni imekaa vibaya au imeandikwa kwa ukali.

Simu ikalia Jumapili.

"Uliniumiza jana."

"Naelewa. Dada pia amelalamika. Je, ungeumia kidogo zaidi kama fani ya kwanza ingepanda nusu?"

Fundi akaihamisha simu sikio la pili.

"Kanuni, unanisikia mimi au unamsikia mganga?"

"Nawasikia nyote wawili."

Simu ikakatwa. Naye, maskini, akaandika ujumbe: mganga sasa anaruhusiwa kuwa mwizi, ila auache uganga wake msimu mmoja wa mchezo. Baadaye akatuma mwingine: msimu nusu. Akamalizia, "Asante kwa maoni yako, yananisaidia sana." Fundi aliusoma ule wa mwisho akiwa juu ya paa la lifti, akazima simu. Hakujua amegombana na mwanamume au na karatasi. Alijua tu kwamba moyo unamuuma, na karatasi haijawahi kumuumiza mtu moyo hivyo.

Siku zikapita simu imezimwa. Kanuni akaenda kwa dada yake, kakonda, akamsimulia ile simu na ujumbe wote.

"Dada, hataki hata toleo jipya."

Dada alikuwa na pini mdomoni, akazitoa moja moja, jambo ambalo hulifanya akitaka kutukana vizuri. "Mdogo wangu, kaa. Yule msichana aliwahi kukuuliza kama akiolewa ataacha kazi?"

"Aliuliza. Ijumaa ile. Nikasema nitafikiria."

"Ukafikiria?"

"Nilifikiria... habari ya mganga."

"Kisha ukaja hapa, mbele yangu, ukasema lazima achague, na kwamba atazoea. Halafu akakwambia umemuumiza, ukamshukuru kwa maoni."

"Lakini ule ulikuwa mchezo."

"Una hakika?"

Hakuwa na hakika. Hilo ndilo lililomtoa mbio.

Alimpata kwenye jengo la ofisi. Lifti ilikuwa imezimwa, kwa hiyo alipanda ngazi zote kwa miguu, akafika chumba cha mitambo juu kabisa akihema kama mbwa aliyefukuza gari. Fundi alikuwa amepiga magoti, grisi shavuni.

"Sikuja kuzungumzia mchezo."

"Afadhali."

"Ingawa..."

"Kanuni!"

"Nisikilize. Nimechanganyikiwa, sijui niliiandika ile kwa ajili ya mganga au kwa ajili yako. Nilipoiandika nilifurahi mno, na kanuni hainifurahishi hivyo hata siku moja. Niliogopa. Mashimo yale ni marefu, na unayapenda. Nikajiambia, akilazimika kuchagua, atanichagua mimi."

"Na kama ningechagua lifti?"

"Ndiyo maana sikukuuliza wewe. Nilimuuliza mganga."

Fundi alijifuta mikono polepole. "Wewe unapiga chapa, na unatunga michezo. Nani alikwambia uache kimoja?"

"Hakuna."

"Nani alikwambia utazoea?"

"Hakuna mtu." Sauti ilikuwa imeshuka. "Kanuni nimeichana. Sina nyingine. Naomba unioe, yaani nikuoe, yaani tuoane, na lifti zako zote. Nitaogopa kila siku ukiwa humo ndani. Sitakwambia uache."

Sauti ya mlinzi ikapanda kutoka chini ya shimo. "Fundi! Inapona lini?"

"Sasa hivi, baba!" Akamsukumia Kanuni taa. "Mulika hapa. Siyo hapo. Kwenye waya ule."

"Hiyo ni ndiyo?"

"Mulika kwanza."

"Laazizi, sielewi kitu."

"Najua." Akakaza nati, akaijaribu kwa kidole, akakaza tena. "Ni ndiyo. Na Mama utamwambia wewe mwenyewe, kwa maneno yaleyale. Sasa tuliza mkono, mpenzi, watu wanangoja."