Mteja wa Adhuhuri

Jiwe lilikuwa na joto la mtu. Sabahat alilipapasa mara mbili. Jiwe la katikati ya hamamu, bafu la mvuke la hoteli, hupashwa moto kutoka chini, hilo alilijua kwa miaka ishirini na tisa ya kusugua wateja, lakini joto hili lilikuwa na umbo: mabega, nyonga, visigino. Na mteja wa kwanza alikuwa bado hajaingia.

"Nergis, nani amelala hapa?"

Binti yake, aliyekuwa akipanga taulo mlangoni, alicheka. "Labda bwana Hikmet. Si anasema hamamu ni yake?"

Hikmet alikuwa meneja wa hoteli. Kiangazi kile kila chumba kinachotazama mlango-bahari wa Bosfori kiliuzwa pamoja na kuogeshwa, na wageni walipangwa mfululizo tangu asubuhi. Zamani, jumba lile lilipokuwa la pasha mmoja, mkubwa wa Sultani, hamamu iliachwa tupu kila adhuhuri. Sabahat aliikuta desturi hiyo, akaishika. Alipomkumbusha Hikmet, alijibiwa kwa upole, "Dada Sabahat, Agosti haina adhuhuri. Watu wameshalipa."

Basi akasugua watu kumi na wanne kwa siku. Jioni alisinzia amesimama kwenye feri, Nergis amemshika kiuno.

Ikaja harufu ya nywele zilizoungua. Kisha sauti ya bakuli la shaba kwenye chumba kisicho na mtu, na maji yakimiminwa taratibu, kama ya mtu asiye na haraka. Nergis aliacha utani.

"Mama, tuondoke hapa," alinong'ona.

"Bado wiki tatu nistaafu. Wiki tatu nitazimaliza."

Alhamisi, mwadhini akiwa ndiyo kwanza anaanza adhana ya adhuhuri, Sabahat aliingia akamkuta mteja ameshalala kifudifudi ndani ya mvuke. Hakuuliza. Aliyechoka haulizi. Alivaa glavu ya kusugulia akaanza mabegani, na nongo ya mwilini ikatoka ya kijivu, kisha nyeusi, ikajiviringa chini ya kiganja chake bila kwisha, naye akasugua akishuka, akipiga hatua moja, ya pili, ya tatu kando ya jiwe, na mgongo ule bado unaendelea mbele yake, wenye moto, unanuka nywele zilizoungua, wala kiuno hakijafika.

"Polepole, mama," sauti ilisema kutoka kwenye jiwe. "Sijasuguliwa tangu mwenye nyumba afe."

Mlango uligongwa. "Mama," Nergis aliita, "mteja wako wa saa saba ndiyo kwanza anashuka. Anaomba radhi kwa kuchelewa."

Mkono wa Sabahat ulisimama.

"Usiniache nusu," sauti ilisema.

Alianza kuisoma Ayatul Kursiyu, akapotea katikati kwa uchovu. Hivyo akamaliza kusugua, akammiminia maji. Kile kitu kiliinuka hadi mvuke wa darini ukapasuka.

"Mikono yako imepasuka," kilisema. "Lala. Sasa zamu yako."

Kwa miaka mingi hakuna aliyemwambia Sabahat alale. Alilala.

Nje, Nergis alisikia maji, akasukuma mlango, ukagoma. Alikimbia hadi msikiti wa mtaani, akarudi na imamu, mzee Rüştü. Mzee aliweka paji la uso kwenye mbao akasoma, akasoma, sauti ikamkauka, mpaka harufu ikakatika na mlango ukafunguka wenyewe.

Nergis aliingia kwanza, akamfunika mama yake taulo. Sabahat alikuwa peke yake, anatabasamu. Mikono iliyopasuka kwa sabuni ilikuwa laini. Kovu la moto kwenye kiwiko halikuwapo, wala mikunjo ya uso. Kando yake nongo ilirundikana kufika magotini, kana kwamba miaka yake yote imesuguliwa ikatoka.

"Hiyo msiiguse," mzee Rüştü alisema. "Kwanza nijue ni nini."

Lakini Hikmet, aliyekuwa na wateja wanaongoja, alikuwa ameshashika mpira wa maji. Nongo yote ilizunguka kwenye tundu la sakafu, ikashuka baharini.

"Kimeondoka," imamu alisema, akijifuta jasho.

"Mama, inuka twende nyumbani," Nergis alisema.

Sabahat alimtazama kwa macho ya mtu aliyelala akashiba usingizi.

"Ahsante, binti," alisema. "Una mkono mwepesi. Mama yako ni nani?"