Inchi Mbili za Enesi

Mashine ya simu ilikataa kuingia kwenye fremu yake. Mwezi wa tatu, ilipojaribiwa, iliingia vizuri kabisa. Sasa mwezi wa saba masikio yake ya kufungia hayakufika kwenye matundu ya skrubu ya fremu, pengo la inchi mbili. Chuma, jamani, kimetanuka!

Lusubilo, karani wa kituo kidogo cha simu pale Vwawa, alitazama tu. Tangu mtoto azaliwe alikuwa amekufa ganzi kwa uchovu. Fremu yenyewe ilikuwa fupi, ya kufika kiunoni, lakini upana wake inchi kumi na tisa kama zile ndefu za Mbeya, ili mashine yoyote iingie. Walipokuwa wakingoja nyaya, mkewe Aida aliilaza fremu tupu chini, akatandika blanketi, akamlaza Enesi mchanga kwa upana. Akaenea barabara. Walicheka siku ile, wajinga wawili.

"Baba Enesi," Aida alinong'ona, ameshika utepe wa fundi cherehani. "Mtoto ana inchi kumi na tisa. Zile zile za kuzaliwa."

"Umepima vibaya."

"Nimepima mara nne. Hebu sikiliza."

Mchana kweupe, fremu ilikuwa inanyonya. Ilinyonya taratibu, ikapumzika, ikanyonya tena, na chumba kikanuka maziwa yaliyochacha.

Walikuwa watu wa kanisa, lakini walimwita Bibi Ferista, mganga wa Igamba. Aliishia mlangoni.

"Mmemlaza mtoto kwenye kitanda cha jini," alisema kwa sauti ya chini. "Linakula urefu wake. Ukivunja chuma, umemvunja yeye. Libane, mwanangu, mpaka lirudi kwenye kipimo, litautapika urefu huo."

Lusubilo aliweka mashine katikati, akapitisha bolti mbili ndefu toka nguzo moja ya fremu hadi nyingine, akaanza kukaza, na kila nati ilipozunguka Enesi alilia mikononi mwa mama yake, na miguu yake ikasogea kidogo nje ya kanga, mpaka matundu yakakutana na masikio ya mashine.

Aida akapima. "Ishirini na moja! Ee Mungu wangu, asante!"

Lusubilo alitaka kulia kwa furaha, machozi hayakuja. Akaweka spana sakafuni.

Nati ziliendelea kuzunguka zenyewe. Bati la mashine likaanza kujikunja, na miguu ya Enesi ikazidi kutoka nje ya kanga.

"Baba Enesi, acha sasa," Aida alisema, macho yake kwa mtoto. "Inatosha. Acha!"