Folda ya Mulei

Siku ilianza vizuri tu. Septemba 1995, jua la Kiboko likiwaka tangu asubuhi, na Syokau ana kazi moja pale kituo cha utafiti: kunakili kwenye tepu majaribio yake ya kunde ya misimu mitatu, kabla mafundi wa Nairobi hawajaja saa kumi kubeba kompyuta ya kituo. Nakala nyingine haikuwepo. Ikipotea hiyo, jasho lake la miaka yote limekwenda bure.

Kwenye mashine ile ya Unix kila mfanyakazi alikuwa na folda yenye jina lake. Akaandika amri ya ls -d */ zije folda tu, zisichanganyike na utitiri wa faili. Zikaja nne: Mulei, Ndila, Nzioka, Syokau. Nne, na wafanyakazi walikuwa watatu.

Mulei, msoma kipimo cha mvua, alikufa Juni. Folda yake aliifuta Syokau mwenyewe. Akasonya, akaandika rm -r Mulei kuifuta tena, akaorodhesha. Mulei. Akafuta. Mulei. Alipojaribu kunakili, mashine ikagoma: diski imejaa.

"Imejaa nini, jamani?" alifoka. Saa nane hiyo.

Akaingia ndani ya folda, akaorodhesha. Humo mlikuwa na folda ndogo, moja kwa kila siku tangu Juni. Ya mwisho ilikuwa ya leo.

Nzioka, aliyesimama nyuma yake, akanong'ona, "Ulifuta hiyo kitu lini?"

"Siku ile tulipata habari."

"Kabla azikwe?"

"Nilitaka space."

"Syokau! Hata kiti yake huko nyumbani hakuna mtu aliguza mpaka tukamzika."

Saa tisa na nusu. Syokau alitaka kulia kwa hasira. Akainamia kibodi.

"Mulei, nimekosa. Chukua yako. Niachie kunde tu."

Akaorodhesha. Folda tatu. Tepu ikazunguka, ikamaliza. Mafundi wakaja, wakabeba mashine yao.

Wiki iliyofuata aliifungua tepu ile Nairobi, roho imetulia. Akaorodhesha. Msimu wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Wa nne.

Wa nne hakuwa ameupanda. Mvua zenyewe zilikuwa hazijaanza.

Akaufungua. Tarehe, urefu wa miche, jina lake kama mpimaji. Novemba yote, siku baada ya siku. Desemba mosi. Desemba pili. Jina lake likaenda mpaka kumi na saba.

Baada ya siku hiyo vipimo viliendelea hadi mavuno. Mahali pa jina palikuwa patupu.